Vidonge vya Vitamini Navyo Vina Kipimo



Hapa kwetu Miteja, mwana akirudi kutoka Dar es Salaam, au jamaa akituma mzigo kutoka Maskati, siku hizi hakikosekani kikopo cha vidonge vya vitamini. Wazee huvimeza viwili viwili, na watoto hugaiwa kama halua. Nikiuliza kipimo chake, hujibiwa: "Sheikh, hii si dawa, ni chakula. Chakula kikizidi kina ubaya gani?" Basi jibu hilo ndilo nataka tulitazame leo, kwani ndani yake mna hatari.

Vitamini ni kitu ambacho mwili hukihitaji kwa kiasi kidogo mno. Vitamini C ikizidi, nyingi hutoka kwa mkojo. Lakini vitamini A huwekwa akiba katika ini, na ikizidi hulidhuru ini lenyewe, na kwa mja mzito yaweza kumlemaza mtoto aliye tumboni. Vitamini D nayo ikizidi huzidisha madini ya chokaa katika damu, na figo zikaumia.

Wala usidhani kuwa haya ni mambo ya nchi za mbali. Kisiwani Pemba watoto wadogo walipewa, katika utafiti, madini ya chuma pamoja na asidi ya foliki ili waongeze damu. Nia ilikuwa njema. Lakini mwaka 2003 ilibidi kusimamisha, kwa kuwa waliopewa walikuwa wakilazwa hospitali na kufa zaidi kuliko wenzao, na malaria ilikuwa na mkono katika jambo hilo. Na bado, waliokuwa wamepungukiwa na chuma kweli, na malaria yao ikatazamwa na kutibiwa, walipata faida. Kitu ni kile kile: kwa mwenye haja ni tiba, kwa asiye na haja ni madhara.

Na Dar es Salaam, wagonjwa 3,418 wa Ukimwi waliokuwa wakianza dawa waligawanywa, hawa wakapewa vitamini za kipimo cha kawaida, na hawa za kipimo kikubwa. Mwaka 2009 utafiti ukakatishwa. Waliopewa nyingi hawakupata nafuu zaidi, bali vipimo vya damu vilionyesha ini zao kusumbuka zaidi.

Sasa tafadhali usinifahamu vibaya ukamnyima mtoto matone ya vitamini A ya kliniki, wala mja mzito vidonge vyake vya damu. Hivyo vimepimwa, navyo huokoa. Ninachokukataza ni kujiongezea juu yake. Uendapo kliniki, chukua na kikopo chako, umwonyeshe nesi. Na vidonge vya chuma viweke mbali na mikono ya watoto, kwani mtoto akivila vingi vyaweza kumuua.

Kwa aliye mzima, mchicha, kisamvu, papai, embe na dagaa wa pwani yetu watosha, na jua tunalo.

Tumekatazwa israfu katika kula na kunywa, na israfu haigeuki kuwa halali kwa kutiwa katika kikopo. Mwili ni amana. Mwenye amana hujua kipimo.

Wabillahi tawfiq.