Mwanafunzi akiuawa kwa risasi, shule inafanya nini?



Tangu mwezi wa pili wa mwaka 2025 kuna swali linalonirudia kila mara kwenye simu. Linatoka Kadutu, linatoka Bagira, linatoka pia kwa familia zilizovuka mto Ruzizi na kwenda Burundi. Mzazi anauliza: "Mtoto wangu alikuwa anakaa benchi moja na yule aliyeuawa. Nimrudishe shuleni ao nimuache kwanza nyumbani?"

Mimi si daktari wa mambo ya moyo. Nilisoma sekondari hapa hapa mjini, kisha mafunzo ya uandishi wa habari, basi. Ninachoweza ni kuwaeleza nilichokiona katika shule moja ya sekondari ambako nilienda mara kadhaa baada ya mwanafunzi wao kuuawa. Shule sitaitaja, wala jina la mtoto. Familia iliomba hivyo, na wadogo zake wangali wanasoma pale.

Kwanza tukumbushane tulipotoka. Tarehe 14 Februari 2025 uwanja wa ndege wa Kavumu ulitekwa, na siku mbili baadaye M23 walikuwa wameshika mji. Katikati ya siku hizo Bukavu haikuwa na mwenyewe. Askari waliondoka, gereza kuu likabaki wazi, maghala yakaporwa, yakiwemo ya PAM yaliyokuwa na karibu tani 7,000 za chakula. Bunduki zilizoachwa ziliokotwa kama kuni, na kati ya waliookota kulikuwa na watoto. Tarehe 18 Februari, ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa ilitangaza kule Geneva kwamba imethibitisha watoto waliuawa bila hukumu na M23 baada ya kuingia mjini, na kwamba kulikuwa na watoto wenye silaha. Tarehe 27, milipuko ikatokea baada ya mkutano wa hadhara kwenye Uwanja wa Uhuru, watu zaidi ya 10 wakafa.

Mtoto ninayemzungumzia hakuokota bunduki. Alikuwa na miaka 16. Aliuawa usiku, ndani ya nyumba ya kwao, watu wenye silaha walipofyatua risasi kwenye avenyu. Nyumba zetu nyingi mnazijua, ni za mbao. Risasi haibishi hodi kwenye mbao. Nani alifyatua, hadi leo hakuna anayejua, na mimi sitakisia hapa.

Mwaka 2004, wanajeshi wa Nkunda na Mutebutsi walipouteka mji huu, nilikuwa mwanafunzi wa shule ya msingi. Vita ilipotulia tulirudi darasani. Rafiki yetu mmoja hakurudi. Mwalimu aliandika tarehe ubaoni, akaendelea na hesabu za sehemu pale alipoachia. Hakuna aliyetuambia neno. Kwa muda mrefu nilidhani yule rafiki alihamia kwa shangazi yake, kwa sababu hivyo ndivyo mwenzetu mmoja alivyosema wakati wa mapumziko. Simlaumu sana mwalimu yule, huenda naye alikuwa na msiba wake. Lakini ndiyo sababu nilitaka kuona shule hii ya leo ingefanya nini.

Prefe alianza na walimu. Kabla wanafunzi hawajafika aliwaita wote na wakakubaliana juu ya maneno machache: mwenzenu amefariki, ameuawa kwa risasi usiku akiwa kwao, hatujui nani alifyatua, mazishi ni siku fulani. Hakuna kuongeza. Asubuhi hiyo tayari kulikuwa na hadithi tatu zinazozunguka, na moja ilisema mtoto alikuwa mwizi. Prefe hakutangaza mbele ya bendera ambako watoto 600 wanasikia kwa pamoja na kulia kwa pamoja. Alipita darasa kwa darasa. Ilimchukua karibu asubuhi nzima. Kila darasa liliuliza maswali, na pale ambapo hakuwa na jibu alisema hana.

Kisha ukaja mjadala wa kufunga shule. Kwenye kamati ya wazazi baba mmoja alisimama akasema: "Wamekufa wangapi katika mji huu? Kama tutafunga kwa kila mmoja, watoto watasoma lini?" Wengine walikasirika. Mimi niliona ana haki ya kuuliza. Watoto wale walikuwa wameshapoteza majuma ya masomo. UNICEF ilisema mwanzoni mwa mwaka 2025 kwamba shule zaidi ya 2,500 zilikuwa zimefungwa katika Kivu ya Kaskazini na ya Kusini, na watoto 795,000 walikuwa hawasomi. Walikubaliana siku mbili tu: moja ya mazishi, moja ya kukaa kwenye kilio na familia. Siku ya tatu, masomo.

Suala la mchango lilikuwa gumu. Mnajua benki zilivyofungwa. Franga zilizobaki mkononi zimechanika hadi mama wa soko anazigeuza mara mbili kabla ya kuzikataa. Kwa hiyo watu walileta walichonacho: unga wa muhogo, makaa, maharagwe, majani ya chai. Wanafunzi wa darasa lake walibeba maji tangu bombani hadi juu ya kilima, maana kule maji hayapandi. Walienda na sare zao, nyeupe na buluu, na mama mzazi akawaomba wasivue hata siku ya pili.

Kulikuwa pia na deni. Shule ya msingi ya serikali ni bure tangu mwaka 2019, lakini sekondari mzazi analipa, na jina la mtoto huyu lilikuwa kwenye orodha ya wadaiwa iliyobandikwa mlangoni mwa ofisi. Mhasibu aliitoa orodha nzima kabla ya mama kufika. Hakufuta jina moja akaacha mengine. Kamati ikaamua deni lake liishe, na wadogo zake wasome hadi mwisho wa mwaka bila kudaiwa. Kwa shule ambayo walimu wake wenyewe hawajalipwa vizuri, huo si uamuzi mdogo.

Kurudi darasani ndiko kulikokuwa kugumu kuliko mazishi. Mwalimu wa Kifaransa alipoita majina alifika kwenye jina lile na sauti ikamkatika. Baadaye aliwauliza wanafunzi wenyewe: jina libaki ao liondoke? Kiongozi wa darasa alitaka libaki. Msichana mmoja aliyekuwa akikaa nyuma ya marehemu alisema hawezi kuendelea kuitazama ile nafasi tupu, anashindwa hata kunakili somo. Walisikilizana. Jina likabaki kwenye kitabu hadi mwisho wa mwaka, lakini haliitwi. Na benchi zinazunguka: kila Jumatatu safu moja inasogea, ili nafasi ile isiwe ya mtu mmoja tu kuibeba.

Halafu kuna kelele. Siku ya pili ya masomo bati lilianguka kwa jirani, na darasa zima likawa chini ya benchi, mwalimu naye. Waliponyanyuka wengine walicheka, wengine walikuwa wamejikojolea. Mwalimu hakumruhusu mtu amcheke mwenzake. Aliwaambia mwili unakumbuka, na kwamba yeye pia aliogopa. Kisha wakachagua ukuta mmoja ulio mbali na dirisha, ukuta wa matofali, wakafanya zoezi la kwenda pale bila kukanyagana. Tangu hapo, kiongozi wa darasa aliniambia, wanalala vizuri kidogo, kwa sababu angalau wanajua pa kwenda.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniogopesha zaidi. Wavulana wanne, marafiki wa marehemu, walikuwa wakizungumza kwamba mtu fulani ana bunduki aliyoificha tangu Februari, na kwamba wanaweza kuipata. Walitaka kulipiza. Kwa nani? Hata wao hawakujua. Mkuu wa nidhamu alipata habari. Angeweza kuwafukuza, na wangekwenda moja kwa moja walikotaka kwenda. Badala yake aliwaita pamoja na wazazi wao, na mama wa marehemu akaomba naye awepo.

Mama huyo hakuhubiri. Aliwaambia: "Watoto wangu, mmekula kwangu. Mimi nimeketi kwenye kilio, najua kilivyo. Msiniletee mama mwingine wa kuketi naye." Baba mmoja alitoka nje kulia. Wale wavulana wanaendelea kusoma, wote wanne. Jioni wanamsaidia yule mama kuchota maji, na mkuu wa nidhamu anawaona kila asubuhi kabla ya kengele, dakika chache, kuwasalimia tu.

Tuliweke wazi kwa wazazi: sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inakataza kumwingiza mtoto wa chini ya miaka 18 katika jeshi ao kundi lolote lenye silaha. Na nchi yetu ilikubali mwaka 2016 lile Azimio la Shule Salama, linalotaka shule zisigeuzwe kuwa mahali pa vita. Najua karatasi haizuii risasi. Lakini mtu akija kumdanganya mwanao na bunduki, ujue ni yeye anayevunja sheria, awe wa upande gani.

Hatuko peke yetu katika jambo hili. Kule Garissa, Kenya, tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa chuoni, wengi wao wanafunzi. Chuo kile kilifungwa, kikafunguliwa tena Januari 2016. Kuna waliorudi na kuna walioendelea na masomo mahali pengine. Kwa mtazamo wangu, wote walifanya sawa. Hakuna tarehe moja inayowafaa watoto wote.

Hapa Bukavu sisi wa redio pia tunalijua jambo hili. Tuliwazika Serge Maheshe mwaka 2007 na Didace Namujimbo mwaka 2008, wote wa Redio Okapi, wote kwa risasi. Nilikuwa bado kijana wakati ule. Wakubwa wa kazi hii walirudi kwenye kipaza sauti wakasoma habari, kwa sababu watu walikuwa wanasubiri. Shule nayo iko hivyo, kuna watu wanaoisubiri.

Kwa hiyo mzazi uliyeniuliza, nakujibu kwa niliyoyaona. Usimrudishe mtoto bila kuzungumza na mwalimu wake kwanza. Uliza kama darasa limeambiwa ukweli. Mwambie mtoto ukweli uleule nyumbani, kwa maneno machache. Asipolala, akikojoa kitandani, akikataa kula, usimchape. Mpeleke kwenye kituo cha afya, na useme wazi kwamba ni tangu risasi. Akizungumza juu ya bunduki, usinyamaze ukidhani ni utoto.

Na ninyi mlio Burundi, Idjwi na kwingineko: ukipita karibu na shule yoyote, andikisha mtoto hata kama mnategemea kurudi kesho. Tunza buletini yake kwenye mfuko wa plastiki pamoja na karatasi za kuzaliwa. Kama ilipotea, tuma neno kwa shule yake ya zamani. Prefe wa shule niliyoieleza aliniambia niwatangazie kwamba majina ya waliokimbia bado yako kwenye vitabu vyake, hajafuta hata moja, na atakayehitaji karatasi ya kuonyesha alisoma pale ataandikiwa bila malipo. Ukiwa na mtoto wa shule nyingine, uliza pia. Prefe wengi wanafanya hivyo, ila hawajui mko wapi.