Sabufa ya Mama

Mwalimu mmoja kijana wa mjini Kitui alidunduiza mishahara mitatu ili amnunulie mamaye chombo cha muziki: spika mbili ndogo na sabufa yake. Mama alikuwa mjane, akiishi Kibwezi katika kaunti ya Makueni, na redio ya kaseti aliyoachiwa na marehemu ilikuwa imekwisha kuzitafuna kanda zote.

Dukani, muziki aliuchagua muuzaji. Aliweka wimbo wa vijana uliojazwa besi ya kompyuta, akapandisha sauti hadi vioo vya kabati vikatetemeka na wapita njia wakasimama. Kijana akalipa. Nani angesita? Sauti inapokuwa kubwa, sikio la binadamu huisikia besi kuwa nene na tamu kupita kawaida, na wauza spika hulijua hilo kama wauza nguo wanavyoijua taa ya duka lao.

Basi lilipita Mutomo na Ikutha, likavuka mto Athi, naye amelipakata boksi kama mtoto mchanga. Jioni hiyo mama aliomba jambo moja tu: Kakai Kilonzo. Kiongozi huyo wa Kilimambogo Brothers, aliyefariki mwaka 1987, aliimba kwa Kikamba na kwa Kiswahili pia, na marehemu baba alizoea kumfuatisha kwa sauti iliyomfunika mwimbaji mwenyewe. Nyimbo zilikuwa katika flashi. Kijana alipowasha, nyumba ilijaa ngurumo. Mama aliinama, akatega sikio, hatimaye akasema taratibu:

"Mwanangu, masikio yangu yameniaga. Sisikii anachosema."

Usiku ule kijana hakulala. Alimwona mamaye akizeeka peke yake katika ukimya, akawaza daktari wa masikio na nauli ya Nairobi, ilhali mishahara mitatu ilikuwa imekwenda.

Alfajiri alifungulia Musyi FM, idhaa ambayo jina lake ni "nyumbani" kwa Kikamba. Mtangazaji alikuwa akizungumza tu, bila ala yoyote. Kijana akashtuka: naye pia hakuyapata maneno! Kikamba kina irabu saba, mbili zaidi ya Kiswahili, na katika spika zile zilikuwa zimevurugana kama uji. Jana aliyasikia maneno ya Kakai kwa sababu aliyahifadhi tangu utotoni. Kumbukumbu ndiyo iliyokuwa ikimwimbia. Wimbo tuujuao hufaa kupimia ala, lakini kwa maneno hutuhadaa. Hapo hakuna kipimo kishindacho mazungumzo ya mtu asiyejulikana atasema nini.

Sabufa aliiweka pembeni, kuta mbili zinapokutana, na pembe huikuza besi. Kazi yake ni sauti za chini, hadi hezi 100 au zaidi kidogo. Matamshi mengi hukaa juu ya hapo, na /s/ hufika maelfu. Alikivuta chombo mbali na kuta, akapunguza kitufe cha besi hadi mtangazaji akasikika kama mgeni aliyeketi sebuleni.

Ndipo akamrudisha Kakai. Katika benga gitaa la besi halivumi tu. Hutembea, husimama, hujibizana na gitaa la juu. Jana noti zake zote zilikuwa ngurumo moja. Sasa kila moja ilikuwa na mahali pake, ingawa vioo havikutetemeka tena. Akaongeza rekodi ya kilumi, ngoma ya akina mama, asikilize kama pigo la ngozi linaanza na kukoma, au linaburura mkia. Lilikoma.

Aliporudia wimbo wa Kakai, mama alitokea jikoni, ungo mkononi, akasimama mlangoni hadi ubeti ukaisha.

"Kumbe baba yako," akasema, "miaka yote ile alikuwa akilikosea neno hilo."

Akaketi, akataka urudiwe.