Tulisema ni Pepo

Habari tunayowaandikia leo si ya kutupatia sifa. Tunaiandika kwa sababu huenda nyumbani kwa mmoja wenu yupo mgonjwa kama yule wetu, na huenda naye anangojeshwa kama sisi tulivyomngojesha yule.

Mwaka juzi, Jumanne moja jioni, mama mmoja wa Katuba, hapa Lubumbashi, alibisha mlangoni kwetu. Akasema, “Mwalimu, njoo umwombee mwanangu. Amebadilika.” Mwanawe tulimjua vizuri. Alikuwa mpiga ngoma wa kwaya yetu, kijana mwenye nguvu, aliyepata riziki yake kwa kuchimba shaba na kobalti kwa mikono nje ya mji.

Tulimkuta amelala, uso ameuelekeza ukutani, hataki taa. Kichwa kilikuwa kimemwuma wiki tatu. Mwanzoni walisema ni malaria, akameza vidonge vya malaria. Kisha akaanza kutapika. Kisha akaanza kumwita mama yake kwa jina la dada yake aliyekufa zamani. Na siku ile alikuwa amempiga mdogo wake bila sababu, yeye ambaye hakuwa mtu wa ugomvi.

Majirani walikuwa na majibu yao tayari. Wengine walisema pepo wa shimoni amemfuata kutoka machimboni. Wengine walimtaja mjomba wake kwa sauti ya chini. Sisi, tuliosoma miaka mingi seminarini, hatukumtaja mjomba. Lakini hospitali pia hatukuitaja. Tulisali Rozari, tukamnyunyizia maji ya baraka, tukamwambia yule mama, “Tungoje, Mama. Dominika tutamleta mbele ya Padri.”

Jumamosi alirudi kutoka Likasi mama mmoja wa jumuiya yetu, muuguzi aliyestaafu. Hakuuliza habari za pepo wala za mjomba. Aliweka mkono nyuma ya kichwa cha kijana, akamwambia aguse kifua chake kwa kidevu. Shingo ilikuwa ngumu kama ubao. Akatutazama, akasema, “Mwalimu, huyu si wa Dominika. Huyu ni wa leo.”

Hospitalini walimchoma sindano katikati ya mifupa ya mgongo wakatoa maji kidogo, kwa maana maji yanayozunguka uti wa mgongo ndiyo yanayozunguka ubongo. Wakayapima, wakaona kijidudu cha kifua kikuu. Watu wengi hudhani kwamba kifua kikuu hukaa kifuani tu. Kumbe huweza kusafiri katika damu hadi kwenye ngozi nyembamba zinazofunika ubongo. Huko hakileti kikohozi. Huleta maumivu ya kichwa, homa, kutapika, shingo kukakamaa, degedege, na kubadilika kwa akili na tabia. Tena huja polepole, kwa siku na kwa wiki, hata watu wa nyumbani wanadhani mtu amekuwa mwingine.

Je, kwa nini yeye, na si wenzake aliochimba nao? Mungu ameuwekea mwili walinzi ndani ya damu. Watu wengi wana kijidudu cha kifua kikuu ndani yao wala hawaugui kamwe, kwa sababu walinzi wamekifunga. Lakini kijana yule alikuwa na virusi vya SIDA, ambayo wenzetu wa Tanzania na Kenya huiita UKIMWI, na virusi hivyo huwaua walinzi wenyewe. Yeye alijua. Alikuwa amepewa dawa, akazimeza, akapata nguvu, akajiona mzima. Kisha akaona haya kuonekana katika mstari wa wagonjwa, akaziacha. Vumbi la mawe, ambalo hudhoofisha mapafu ya wachimbaji, nalo lilikuwa limekwisha kumsaidia adui. Wahenga hawakukosea: mficha maradhi, kifo humuumbua.

Walinzi wakilala, hata wadudu wasiojulikana sana hupata mlango. Kipo kimoja kiitwacho nokadia, kinachoishi udongoni. Mtu hukivuta pamoja na vumbi, na katika mwili dhaifu huweza kutoka mapafuni kikafanya jipu ndani ya ubongo. Kipo kingine kiitwacho listeria, kinachokaa katika vyakula na kuendelea kuongezeka hata ndani ya friji. Mwaka 2017 na 2018 kiliwashika watu zaidi ya 1,000 Afrika ya Kusini, na zaidi ya 200 walikufa. Wengi walikuwa watoto wachanga, na wengine wengi ni wale ambao kinga yao imepungua. Mwezi wa Machi 2018 ilijulikana kwamba kilitoka katika nyama za soseji za kiwanda kimoja huko Polokwane. Sisi wa Lubumbashi tusidhani Polokwane ni mbali, kwa maana malori ya kusini hupita Kasumbalesa kila siku na vyakula vyake huuzwa katika maduka yetu. Mwenye mimba, mzee, na mwenye mwili dhaifu wasile soseji hizo zikiwa baridi, bali wazichemshe au wazikaange vizuri kwanza.

Na si SIDA peke yake inayowalaza walinzi. Dawa za kansa hufanya hivyo, kisukari na njaa ya muda mrefu pia. Lakini tuseme na jambo ambalo wengi hulicheka. Viko vidonge vya deksametazoni ambavyo wachuuzi huwauzia akina mama na wasichana ili wanenepe. Anayevimeza miezi na miezi huwalaza walinzi wake mwenyewe kwa fedha yake. Kijana wetu alipewa deksametazoni hiyohiyo hospitalini, kwa kipimo na kwa wiki chache, ili kupunguza uvimbe wa ubongo, nayo ilimsaidia. Dawa ni ileile, lakini daktari anajua kipimo chake na siku ya kuikomesha.

Daktari alimpa kwanza dawa za kifua kikuu. Zile za SIDA alizichelewesha kwa majuma kadhaa, akatueleza kwamba walinzi wakirudi wote kwa ghafula ndani ya ubongo uliovimba, vita yao huweza kumwua mgonjwa. Kwa jumla alimeza dawa za kifua kikuu miezi 12. Vidonge vyenyewe havilipwi. Vipimo na kitanda, parokia ilichanga.

Yatupasa kushukuru kwamba tunaishi leo. Robert Koch alikitangaza kijidudu hiki mwaka 1882, lakini hadi dawa za kwanza zilipopatikana katika miaka ya 1940, karibu kila aliyeshikwa ubongoni alikufa. Chanjo ya BCG, iliyotolewa kwa mtoto wa kwanza mwaka 1921, huwakinga watoto wadogo hasa na ugonjwa huu wa ubongo. Kwa hiyo, akina mama, msikubali mtoto apitwe na sindano ile ya begani.

Lakini dawa hailipi siku zilizopotea. Kijana wetu alipona akiwa na mkono wa kulia usio na nguvu, kwa sababu ugonjwa ulikuwa umekwisha kuziba mshipa wa damu ubongoni. Je, mkono ule ulipotea katika siku nne zetu, toka Jumanne hadi Jumamosi, au katika wiki tatu zilizotangulia? Daktari hakuweza kutuambia. Sisi tunazihesabu siku nne zetu.

Tulimwendea yule mama kuomba radhi. Akatujibu, “Mwalimu, ulikuja nilipokuita. Lakini siku nyingine, njoo na Rozari na nauli ya hospitali.” Hatujapata mafundisho mafupi kuliko hayo, wala yaliyo bora. Kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 38, kinatuagiza kusali na pia kumpa mganga nafasi yake. Tulikifundisha mara nyingi darasani. Siku ile tulikisahau.

Basi, ndugu, mkiona mtu kichwa kinamwuma siku nyingi bila kuacha, anatapika, shingo ngumu, maneno yake hayashikani, au tabia imegeuka ghafula, msimwulize amemkosea nani. Mpelekeni hospitali siku ileile, na mkimwombea, mwombeeni njiani. Anayemeza dawa za SIDA asiziache kwa sababu anajiona mzima, kwani hizo ndizo zinazomfanya awe mzima. Na sisi tusiougua tusimfanye aone haya.

Dominika iliyopita tulimwona kijana yule kando ya ngoma. Haipigi tena. Anamfundisha mtoto wa miaka kumi, akimwonyesha mapigo kwa mkono wa kushoto juu ya goti lake, na kwaya inamfuata yule mtoto.