Dola hamsini

Goma, Jumatatu 12 Mei 2025

Mara tatu nimejaribu, mara tatu nimekataliwa. Binti wa dada yangu alikuwa amekaa karibu nami mezani, ananimulikia kwa tochi ya simu kwa kuwa umeme ulikuwa umeenda, na kila nilipobonyeza pale pa kulipa alibana pumzi. Dola 50 za kuombea nafasi chuoni. Mwisho ni tarehe 31. Wanapokea kadi tu.

Namba kumi na sita, jina, mwezi wa kadi kuisha, zile tarakimu tatu za nyuma: vyote nilijaza. Wakataka msimbo wa posta. Huku kwetu nyumba inaelekezwa kwa mdomo: shuka Himbi, pita kanisa, uliza kwa mama anayeuza makaa. Nikaandika sufuri tano, ukurasa ukapita. Halafu ukasema namba ya siri imetumwa kwenye simu yangu. Simu gani? Namba inayojulikana na benki ni ya ile simu niliyonyang'anywa mwishoni mwa Januari, siku zile waasi wa M23 walipoingia mjini. Dakika zilihesabiwa mbele ya macho yangu mpaka zikaisha.

Maandishi mekundu: malipo yamekataliwa. Mtoto akaniuliza kwa sauti ndogo, "Mama mdogo, kwani tunadaiwa?"

Nimekosa usingizi kwa swali hilo. Kwake anayekataliwa dukani ni mwenye deni, na nani atamlaumu? Ndivyo ilivyo kwa kila muuza sukari wa mtaa huu. Lakini hizo dola ninazo. Nyingine ziko benki, nyingine ziko ndani ya Biblia.

Alhamisi 15 Mei

Nimevuka mpaka wa Petite Barrière asubuhi kwenda Gisenyi, katikati ya akina mama wenye mabeseni kichwani. Tangu benki za Goma zilipofungwa, wenye kadi wengi tunavuka. Nikapanga mstari mbele ya mashine, nikaomba faranga za Rwanda za thamani ya dola 20, zikatoka. Risiti inasema zimebaki 61. Kwa hiyo kadi iko hai. Ukutani inanijua, kwenye intaneti hainijui.

Nikapiga simu benki, Kinshasa. Kijana aliyepokea alikuwa na adabu. Kubadilisha namba ya simu, mama, ni lazima ufike kwenye tawi lako na kadi ya uchaguzi, usaini mbele ya wakala. Nikamwambia tawi langu limefungwa tangu Januari. Akanyamaza kidogo, akasema anaelewa. Benki ya CADECO imefunguliwa tena tangu 7 Aprili, lakini akaunti yangu haiko huko.

Sitaki kuwaonea. Ile namba ya siri ipo ili aliyeiba namba za kadi yangu asinunue nayo kitu, na kama ingetosha kupiga simu tu na kusema badilisha, yule aliyechukua simu yangu angekuwa wa kwanza kupiga. Utaratibu wenyewe ni mzuri. Waliouandika walidhani tu kwamba mlango wa benki ni kitu ambacho kila asubuhi kinafunguliwa.

Jumapili 18 Mei

Baada ya misa nilimweleza Mama. Aliposikia kadi akasikia kredi. "Umeanza kukamata madeni ya wazungu?" Nikamweleza kwamba hii si ya kukopa, inatoa tu kile nilichoweka mwenyewe, na nikiweka kumi haitoi kumi na moja. Alisikiliza huku anachambua maharagwe. Kisha akaniuliza: "Na anayekushikia, akisema haziko tena?"

Akasimulia ya 1979. Nimeshayasikia mara nyingi lakini leo nimeyasikia vingine. Wakati ule aliuza vitambaa Birere. Desemba, karibu na Noeli, Mobutu akatangaza kwamba noti za zaire tano na za zaire kumi zimekufa. Siku chache tu za kubadilisha, na kwa kipimo. Waliokuwa vijijini, habari iliwafikia noti zikiwa zimeshakuwa karatasi. Mama alikuwa na mtungi umejaa za kumi. Alifika benki siku mbili mfululizo, mstari ukafungwa kabla yake. Halafu 1993 wakaleta zaire mpya, moja kwa milioni tatu za zamani. Halafu 1998 faranga. "Mimi nimezika feza mara tatu," akasema, "na sikuwa na deni hata la chumvi."

Nilikuwa nadhani Mama anaogopa benki kwa sababu hakusoma. Amesoma kuliko mimi, ila kitabu chake ni kingine. Kinachomtisha ni mtu wa mbali kusema neno moja, na kilicho chako kikaacha kuwa chako. Jumatatu ile mezani neno lenyewe lilikuwa jekundu.

Ijumaa 23 Mei

Katindo kuna kijana wa kabini ya simu anayewalipia watu kwa kadi yake. Dola 50, kamisio yake 8. Ningekubali, lakini anataka nimwachie jina la kuingilia la mtoto, neno la siri na picha ya pasipoti. Nikachukua simu yangu nikaondoka. Sina ubaya naye. Kutoa feza kwenye simu nako ni hivyo hivyo siku hizi, unatuma mia unapewa pungufu, kwa sababu noti zenyewe hazionekani.

Zimebaki siku nane.

Jumanne 27 Mei

Likelemba yetu imekaa leo. Tuko kumi na wawili, kila wiki mbili tunaweka dola kumi kumi, anaokota mmoja. Februari, kila mtu alipokuwa hana kitu, tulikutana hivyo hivyo na wengine waliweka mbili, tukaandika daftarini kinachobaki. Mpaka leo hajapotea hata mmoja. Niliwaambia shida yangu. Mwenzetu mmoja akasema, "Yaya, si ungesema mapema? Mwanangu yuko Brussels."

Usiku huu huu kijana wake amelipa kwa kadi yake. Haikumchukua dakika tatu. Hakutaka kuniona wala kuniuliza kazi ninayofanya. Alisema tu: "Mpe bibi yangu, Ndosho."

Alhamisi 29 Mei

Nimepeleka zile hamsini. Bibi alizitoa noti kwenye bahasha, akazishika moja moja kuelekea dirishani kama wanavyofanya wabadilishaji wa feza. Ile ya 20 ina mpasuko pembeni, mdogo kuliko ukucha. Akanirudishia. Hakuna wa kuipokea sokoni na yeye anajua, nami nilipaswa kuitazama. Nikapanda pikipiki hadi nyumbani, nikatoa nyingine ndani ya Biblia, nikarudi kabla ya saa tisa. Sikutaka deni lilale.

Chuo kimetuma barua pepe: malipo yamepokelewa. Mtoto ameisoma kwa sauti mara nne. Kwenye nafasi ya aliyelipa kuna jina la yule kijana. Limeniuma kidogo, sifichi. Nimetembea mji mzima kwa hizo hamsini, ningependa jina langu liwe pale.

Mama alikuwa ananingoja uani.

"Umempa mkononi?"

"Mkononi."

"Mbele ya nani?"

"Mbele ya mkwe wake na jirani mmoja."

Akaitikia kwa kichwa, akanisogezea kiti.