Mushaki: Mama aliyekataa kupanda pikipiki

Siku ya soko, jioni ya Mushaki haichelewi. Ukungu unashuka kutoka vilimani, wauzaji wanafunga maharagwe na viazi vyao, na kila mtu anatafuta wa kumfikisha nyumbani kabla ya giza. Jioni moja ya namna hiyo, mama mmoja muuza maharagwe alisimama kando ya barabara, mtoto mgongoni, akimngojea motari wake wa kila wiki. Kijana huyo anamfahamu tangu utoto. Yeye na mama yake mzazi walilima mashamba yaliyopakana.

Kijana alifika akitabasamu. Mama akainua mfuko wake, akasogea, kisha akarudi nyuma hatua moja. Harufu ya kasiksi ilimfikia kabla ya salamu.

"Mwanangu, umekunywa."

"Mama, chupa mbili tu. Wateja walinipa asante. Barabara hii naijua hata bila taa."

"Wewe unaijua, yenyewe haikujui. Leo hunibebi."

Watu waliokuwa karibu walicheka. Kijana alikasirika. Kukataliwa na mama kama huyo mbele ya wenzake ni aibu, na tena ni pesa iliyopotea, wakati jioni mwenye pikipiki anangoja hesabu yake. Mmoja wa wazee akaingilia kati: "Mama, mwache kijana atafute maisha." Mama akajibu kwamba amekimbia risasi mara nyingi na mtoto huyo mgongoni, na hatamwacha kwenye kona kwa sababu ya chupa mbili.

Jibu hilo linastahili kukumbukwa na wakaaji wote wa Masisi. Katika wilaya ambayo watu wamezoea kukimbia vita, ajali ya pikipiki huonekana jambo dogo. Husemwa ni bahati mbaya, ni mapenzi ya Mungu, mazishi yanafanyika, na matangani hapo hapo pombe inazungushwa kwa watu watakaorudi nyumbani na pikipiki.

Kila anayetoka Sake kupanda Mushaki anaijua barabara yenyewe. Ni mlima na kona, na mvua ikinyesha udongo unateleza kama sabuni. Malori yanashuka na viazi, ng'ombe, na watu walioketi juu ya mizigo. Chukudu zinateremka zikiwa na breki ya kipande cha mpira kinachokanyagwa kwa mguu. Katikati yao anapita motari na abiria wawili, pengine na mtoto. Pikipiki inayokwenda kilomita 40 kwa saa inapita mita 11 kila sekunde. Aliyekunywa akichelewa sekunde moja kushika breki, hizo mita 11 tayari zimekwisha, na kwenye kona nyingi za huko hakuna mita 11 za kupoteza.

Wengine husema maziwa au kahawa kali hukata pombe. Hapana. Kahawa humwacha mlevi macho wazi, lakini bado ni mlevi. Maziwa ya Masisi ni mazuri, ila hayaondoi pombe iliyokwisha kuingia katika damu. Kuoga maji baridi pia hakusaidii. Ini ndilo linaloitoa, polepole, na dawa yake ni saa nyingi za kungoja.

Sheria ipo. Kongo ina kanuni za barabara, sheria namba 78-022 ya tarehe 30 Agosti 1978, na kuendesha ukiwa mlevi ni kosa. Lakini sheria inahitaji mtu wa kuisimamia. Nchini Rwanda, mwaka 2019 polisi walianzisha kampeni ya Gerayo Amahoro, yaani fika kwa amani, na dereva anayekutwa na pombe kupita kiasi hulipa faini na kulala mahabusu siku kadhaa. Nchini Kenya, tangu Desemba 2013, madereva walianza kupulizishwa kifaa ambacho wananchi wanakiita alkoblo. Juhudi hizo zinahitaji vifaa, magari ya doria na polisi wanaolipwa. Kijijini, saa kumi na mbili jioni, mambo hayo hayapo.

Ila Kenya ina somo lingine, la bei nafuu zaidi. Watafiti wawili, James Habyarimana na William Jack, walichukua matatu zaidi ya 2,000, na ndani ya karibu nusu yake wakabandika vikaratasi vya kuwahimiza abiria wapaze sauti dereva anapoendesha vibaya. Madereva waliotunza vikaratasi hivyo waliingizwa katika bahati nasibu ya kila wiki, ili wasivibandue. Matokeo yalichapishwa mwaka 2011: madai ya bima ya ajali katika matatu hizo yalipungua kwa nusu hadi theluthi mbili. Baadaye kampeni hiyo ikaenea kwa jina la Zusha! Haikuongeza polisi hata mmoja barabarani. Iliwakumbusha abiria kwamba wana mdomo, na kwamba wakisema, wengine garini watawaunga mkono.

Hapo ndipo tofauti na Mushaki inaonekana. Kwenye matatu abiria wako wengi. Akianza mmoja, wengine wanafuata. Kwenye pikipiki abiria yuko peke yake, na mara nyingi dereva ni mtoto wa jirani. Mama yule alisema, na waliomzunguka wakacheka. Wangesema wawili au watatu tu, mzee yule angenyamaza.

Kwa hiyo kampeni ya hapa inaweza kuanza na mambo yaliyo mikononi mwa watu. Mteja anayetaka kumshukuru motari ampe soda, au amwongezee franka kidogo. Mama anayeuza kasiksi au kanyanga amwombe motari funguo kabla ya kumpa kikombe cha kwanza, na amrudishie asubuhi. Chama cha wamotari kikubaliane kwamba aliyekunywa haingii kwenye foleni siku hiyo, na mwenzake ambebee mteja wake bila kumcheka. Makanisani, maneno hayo yasemwe kabla ya sikukuu, si baada ya mazishi. Na mwenye pikipiki apunguze ukali wa hesabu siku ambayo kijana amerudi mapema kwa sababu hakuwa sawa.

Jioni ile mama alipata motari mwingine, giza limeshaingia. Alilipa zaidi, na wiki hiyo chumvi ikanunuliwa kidogo. Kijana naye alikosa safari ya mwisho, akalala kwa rafiki yake hapo hapo senta.

Tangu siku hiyo kijana hamsalimu. Siku za soko anapita mbele yake akitazama upande mwingine. Mama anahesabu maharagwe yake, anamwangalia akipita wima kwenye pikipiki, na anawaambia wanaomuuliza: heri kununiwa na mtu aliye hai.