Uzito wa Siri

Zamani siri ya dola ilikuwa kitu chenye uzito. Iliandikwa katika karatasi, ikapigwa muhuri, ikafungiwa katika sanduku la chuma. Na mtu aliyetaka kuitoa nje ilimlazimu aibebe kwa mikono yake mbele ya macho ya bawabu. Hivyo ndivyo alivyofanya Daniel Ellsberg, Mmarekani, kuanzia mwezi wa Oktoba 1969. Katika sanduku lake la kazini, Santa Monica, California, mlikuwa na historia ya siri ya vita vya Vietnam, iliyoandikwa kwa amri ya Waziri wa Ulinzi: vitabu 47 vyenye kurasa 7,000 hivi. Jioni alitia sehemu yake katika mkoba, akaenda nayo katika afisi ya wafanyao matangazo ya biashara mjini Los Angeles palipokuwa na mashine ya kunakili, akasimama hapo na rafiki yake Anthony Russo wakinakili ukurasa mmoja mmoja. Kisha asubuhi akazirudisha karatasi mahali pake. Palikuwa na usiku ambao mwanawe wa kiume, mwenye umri wa miaka 13, aliendesha mashine, na binti yake, mdogo zaidi, akashika mkasi kukata maneno ya siri yaliyopigwa juu na chini ya kurasa.

Taabu ile haikuwa hasara tupu. Mtu anyanyuaye ukurasa, aulazaye juu ya kioo na kungoja mwanga upite, hupata nafasi ya kujiuliza kama ukurasa huo nao umestahili kutoka. Ellsberg alikuwa mmoja wa walioiandika historia ile, akajua kilichomo. Alipowapa waandishi wa magazeti nakala alivizuia vitabu vinne, vile vilivyoeleza mazungumzo ya kutafuta suluhu, asije akaharibu njia ya amani aliyoitaka mwenyewe. Gazeti la New York Times lilianza kuchapa habari hizo Juni 13, 1971, na serikali ikashindwa mbele ya Mahakama Kuu kabisa ya nchi kabla mwezi haujaisha.

Kenya nayo ilimpata mtoboa siri wa namna hiyo, kabla intaneti haijaingia katika afisi zake. David Munyakei alikuwa karani kijana wa Benki Kuu ya Kenya mwanzo wa miaka ya 1990. Mikononi mwake zilipita karatasi za malipo yaliyotolewa kwa kampuni ya Goldenberg kwa ajili ya dhahabu na almasi zilizodaiwa kuuzwa nchi za nje, katika nchi yenye dhahabu haba na isiyochimba almasi. Alizichukua baadhi, zikafika kwa wabunge wa upinzani, na habari ikalipuka bungeni. Hakuhitaji kuelezwa maana ya karatasi zile, kwa kuwa ndizo zilizokuwa kazi yake ya kila siku. Akakamatwa, akashtakiwa kwa sheria ya siri za serikali. Mashitaka hayakusimama, walakini kazi haikurudi. Alikwenda kuishi Mombasa. Miaka 10 baadaye alitoa ushahidi mbele ya tume ya Jaji Bosire, akapewa tuzo ya uadilifu mwaka 2004, akafa mwaka 2006 akiwa hana cheo wala mali.

Uzito huo umeondoka. Mwanzo wa mwaka 2010 askari mmoja wa Marekani, aliyejulikana siku zile kwa jina la Bradley Manning na baadaye Chelsea Manning, alikuwa mchambuzi wa habari za vita katika kambi iliyo mashariki ya Baghdad. Mbele yake palikuwa na kompyuta yenye siri nyingi kuliko zilizopata kukaa katika masanduku yote ya chuma ya zama za Ellsberg. Alizinakili katika visahani, kimoja kikiwa kimeandikwa jina la mwimbaji Lady Gaga, naye akaigiza kuimba huku kazi ikiendelea. Siku za likizo nchini kwao alizipeleka nyingine kwa WikiLeaks kwa njia ya mtandao, akiwa ameketi katika duka la vitabu. Jumla yake ilipita nyaraka 700,000, na kati ya hizo zaidi ya 250,000 zilikuwa barua za mabalozi. Mtu asomaye barua 100 kila siku, asipumzike Idi wala Krismasi, angehitaji karibu miaka 7 kuzimaliza barua hizo peke yake.

Hapa ndipo shauri linapokuwa gumu. Katika mzigo ule ulikuwamo ukanda wa picha wa Julai 12, 2007, uonyeshao helikopta ya Marekani ikiwapiga watu risasi katika mtaa wa Baghdad; wafanyakazi wawili wa shirika la habari la Reuters waliuawa hapo. Shirika hilo lilikuwa limeuomba ukanda kwa njia ya sheria, lisipewe. Manning aliutazama wote, akausikia mzaha wa waliokuwa angani, akajua alichokuwa akikitoa na kwa nini. Tendo hilo laweza kusimama mbele ya dhamiri yoyote bila ya kutetemeka. Lakini taarifa za Afghanistani zilizotangazwa mwezi wa Julai 2010 zilikuwa na majina ya wenyeji waliowapa askari wa kigeni habari: watu wa vijijini, wasioweza kuhama wala kujikana. Hakuna aliyekuwa amezisoma zote kabla ya kutoka, si aliyezichukua wala waliozieneza. Mwaka 2011 barua za mabalozi nazo zikatoka zote, majina yakiwa wazi, baada ya neno la kufungulia jalada lililokuwa mtandaoni kuchapwa katika kitabu. Mtama ulikuwa umemwagwa penye kuku wengi.

Ni haki kuongeza kwamba mahakamani, mwaka 2013, jenerali aliyesimamia uchunguzi wa madhara hakuweza kumtaja mtu aliyeuawa kwa sababu ya majina yale. Hilo ni jambo la kushukuriwa. Halimtoi lawamani mtu aliyeacha maisha ya wengine yategemee bahati.

Edward Snowden aliliona jambo hili. Alikuwa akifanya kazi Hawaii, katika kampuni iliyolihudumia Shirika la Usalama wa Taifa la Marekani, naye angaliweza kuzitupa nyaraka zake zote mtandaoni kwa usiku mmoja. Badala yake aliwaita waandishi katika hoteli moja ya Hong Kong, mwezi wa Juni 2013, akawakabidhi, na kuwataka wachague yale tu ambayo raia wana haki kuyajua. Habari ya kwanza ilihusu amri ya siri ya mahakama iliyoilazimisha kampuni ya simu ya Verizon itoe kila siku orodha ya simu za wateja wake. Miezi mitatu kabla, mkuu wa upelelezi James Clapper alikuwa ameulizwa mbele ya Baraza la Seneti kama habari za mamilioni ya Wamarekani zinakusanywa, akajibu la. Mwaka 2015 mahakama ya rufani mjini New York ilikata kwamba mpango huo ulivuka mipaka ya sheria. Hata hivyo Snowden mwenyewe hakuwa amesoma kila alichokitoa, na gazeti moja lilifuta maneno vibaya hata yaliyopaswa kufichwa yakasomeka. Aliirudisha kazi ya kuchagua mikononi mwa watu, na mikono ya watu huteleza.

Wapinzani wake hawachoki kumkumbusha kwamba mtu aliyechukia upelelezi amekaa chini ya hifadhi ya Urusi, na tangu mwaka 2022 ni raia wake. Maneno hayo ni kweli. Aghalabu husahau kutaja kwamba alikwama katika uwanja wa ndege wa Moscow baada ya pasi yake kufutwa na serikali yake mwenyewe.

Sheria iliyotumika kwa watu hawa ni ya mwaka 1917, iliyotungwa kwa ajili ya majasusi wa wakati wa vita, nayo haina mizani. Haiulizi ni kurasa ngapi wala kwa nini. Wakili wa Ellsberg alipotaka kumwuliza mbele ya wazee wa baraza sababu ya kunakili, hakimu alilikataa swali. Mshitakiwa alipona mwaka 1973 kwa kuwa ilifichuka kwamba watu wa Ikulu walivunja afisi ya daktari wake. Manning alihukumiwa miaka 35, akatoka baada ya 7 kwa rehema ya Rais Obama. Reality Winner alitoa waraka mmoja wa kurasa 5 kuhusu hila za Urusi katika uchaguzi wa mwaka 2016. Yeye aliuchapa katika karatasi na kuutia katika posta, kama watu wa kale. Watu 6 tu walikuwa wameuchapa waraka huo, basi kumjua hakukuwa kazi. Akapata miaka 5 na miezi 3.

Ellsberg alikuwa na karatasi nyingine za zama zile alizozishika kwa nusu karne, zilizoeleza jinsi majemadari wa Marekani walivyotaka kutumia silaha za nyuklia dhidi ya China katika ugomvi wa mwaka 1958 juu ya visiwa vya Taiwan. Alikwisha kuziweka mtandaoni kimya kimya, kila ukurasa akiujua. Mwaka 2021, akiwa na umri wa miaka 90, alizitangaza katika New York Times na kuitaka serikali imshtaki, ili swali lile alilonyimwa lipate kuulizwa mahakamani. Serikali haikumshtaki. Alifariki Juni 2023.