Wanaoandikwa na Wanaokuja

Fomu za takwimu zikifika shuleni, Mwalimu Mkuu hunituma nilete rejista ya darasa la awali. Majina, jinsia, umri. Humo ndimo zinamotoka zile asilimia ambazo baadaye hupangwa kwenye jedwali, Tanzania kando ya Kenya, Ghana na Ufaransa.

Umri ndio unaonitoa jasho. Wazazi wengi huja bila cheti cha kuzaliwa. Mwenye kadi ya kliniki amenirahisishia kazi. Asiyenayo tunakisia pamoja: alizaliwa masika ya mwaka gani, mdogo wake ameanza kutembea lini? Basi darasani nina wa miaka mitano, nina wa saba waliocheleweshwa na umbali, na nina kitoto kinachokuja na dada yake kwa kuwa mama yuko shamba. Wote nawaandika; nitamfukuza nani?

Uandikishaji wa jumla huwahesabu wote hao, kisha hugawa kwa idadi ya watoto wa umri uliopangwa peke yao. Ndiyo maana Ghana hupita asilimia 100 bila mtu kudanganya. Uandikishaji halisi huwachuja wakubwa na wadogo. Anayelinganisha nchi mbili bila kuuliza ni hesabu ipi iliyotumika, mimi simsikilizi.

Tena nchi zenyewe hazihesabu kitu kimoja. Ufaransa imewalazimisha watoto wa miaka 3 kuwa shuleni tangu Septemba 2019, ingawa hata kabla ya hapo karibu wote walikuwa wakienda. Finland iliufanya mwaka mmoja wa awali kuwa wa lazima mwaka 2015, kwa watoto wa miaka 6, maana darasa la kwanza huanza na 7. Kenya ina miaka miwili ya awali, PP1 na PP2, chini ya kaunti. Uganda, serikali imewaachia watu binafsi na jumuiya elimu ya awali, na ada humbakiza nyumbani mtoto wa maskini. Asilimia ndogo ya Uganda, kwa maoni yangu, inasema zaidi habari za mfuko wa mzazi kuliko za moyo wake.

Kwetu Tanzania, elimu bila ada ilipoanza 2016, watoto wa awali waliruka kutoka takribani milioni 1 hadi zaidi ya milioni 1.5 kwa mwaka mmoja. Sera ilikuwa njema, nami niliitetea kijijini. Lakini kiwango kinachotakiwa ni mwalimu mmoja kwa watoto 25, na walimu hawakuongezeka kwa kasi ile. Darasa likifurika hivyo, unagawa chaki badala ya kushika mkono wa mtoto, na kona za kujifunzia hubaki mapambo.

Na kuandikwa si kuja: masika mto wetu ukijaa, watoto wa ng'ambo hawavuki mpaka maji yapungue. Takwimu inawahesabu kama waliopo. Shule shikizi, yaani tawi dogo la shule, ng'ambo ile ingenipunguzia majina kwenye rejista, na wao wangesoma mwaka mzima. Hilo nimekuwa nikimwambia Mratibu Elimu Kata kila anapopita.